Mstari Niliousoma Vibaya

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, vitenge viwili na dakika tano za kuzungumza. Dakika tatu zililiwa na spika zilizogoma, moja nikaitumia kumshukuru mkuu wa shule, na ya mwisho nikalia. Kwa hiyo yale niliyotaka kuwaambia ninyi vijana mnaobaki kwenye ofisi ya taaluma sikuyasema. Nayaandika sasa, hapa kwangu Mandewa, asubuhi, nikiwa nimeshafagia uwanja na sina kipindi cha kuwahi.

Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Zipo kwenye faili langu na hazimfundishi mtu kitu. Nitaandika kuhusu matokeo ya kidato cha nne, maana hiyo ndiyo kazi iliyonizeesha, na ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Humo ndani kuna kosa moja ambalo wengi wenu hamlijui. Nimelibakiza ili mlisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Nilifika shuleni kwetu Ilongero nikiwa na cheti kipya cha ualimu, sanduku moja na viatu vya mjini. Nilizaliwa Singida mjini, katika nyumba ya wauza vitambaa. Baba yangu alitokea pwani, mama ni wa hapahapa, na Ilongero nilikuwa naisikia tu kwa watu waliokuja sokoni na kuku. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya kidato cha pili, nikawaambia wafungue madaftari kwa kile Kiswahili cha nyumbani kwetu chenye madaha. Msichana wa mbele akamgeukia mwenzake, akasema jambo kwa Kinyaturu, darasa zima likacheka. Mwaka wa pili, nilipokuwa nimeanza kuielewa lugha, nilimuuliza alisema nini siku ile. Akaona haya kidogo, kisha akaniambia: "Nilisema unaongea kama taarifa ya habari."

Mwalimu wa taaluma wakati huo alikuwa Mwalimu Msengi, Mnyiramba mrefu, mwalimu wa Hisabati. Alivaa kaunda suti ya kijivu Jumatatu mpaka Ijumaa. Ama ilikuwa moja, ama alikuwa nazo tano zinazofanana. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Alipita nyuma yangu nikisahihisha madaftari, akasimama, akatazama.

"Mwandiko wako unasomeka," akasema. "Kesho uje ofisini kwangu."

Huo ndio usaili wote niliofanyiwa.

Enzi hizo matokeo yalikuja kwenye karatasi. Mkuu wa shule aliyafuata mjini, akarudi nayo kwenye bahasha ameikumbatia kama mtoto mchanga. Shule nyingine walikuwa wanayabandika ubaoni papo hapo, watoto wanasukumana, huyu anaruka, yule anakimbilia nyuma ya madarasa kulia. Mwalimu Msengi hakukubali. Yeye alimwita kila mmoja ofisini, akampa kiti. Alikuwa na rula ya mbao iliyomeguka pembe, akaiweka chini ya mstari wa huyo mtoto ili macho yasiteleze kwenda mstari mwingine. Anasoma namba ya mtahiniwa, anaisoma tena, halafu anamgeuzia mtoto karatasi aisome mwenyewe. Baada ya hapo anauliza swali lilelile kila mwaka: "Kabla hujaiona karatasi hii, wewe ulitaka nini?"

Nilidhani ni kupoteza muda. Watoto themanini, kila mmoja na kiti chake na swali lake. Nikabadili mawazo siku aliyoingia Hamisi.

Hamisi alikuwa kijana mkubwa mwenye mikono mizito. Alisoma mstari wake, akaona pointi thelathini na mbili, akaruka kutoka kwenye kiti. Alikuwa amesikia nje kwamba anayeongoza darasa ana pointi kumi na nane, akapiga hesabu yake kuwa amemshinda kwa mbali. Akanishika mkono, akamshika Mwalimu Msengi mkono, akashika mpaka mlango. Mimi nikafungua mdomo nimweleze kwamba pointi chache ndizo nzuri. Mwalimu Msengi akanitazama, nikaufunga. Akamwacha kijana afurahi mpaka alipochoka mwenyewe, akamkalisha, akamweleza taratibu. Hamisi akasikiliza, akakuna kichwa.

"Kwa hiyo sikumshinda."

"Hukumshinda. Lakini hujafeli, una daraja la nne. Ulitaka nini, Hamisi?"

"Nilitaka kuchomelea vyuma, Mwalimu. Sikusema kwa sababu hapa wanauliza udaktari tu."

Barua ya kumwombea nafasi chuo cha ufundi niliiandika mimi, kwa ule mwandiko unaosomeka. Leo Hamisi ana karakana yake pale Ilongero, na geti la shule mnaloingilia kila asubuhi amelitengeneza yeye. Linapiga kelele, ndiyo. Nimemwambia mara kumi.

Mwalimu Msengi alipostaafu aliniachia ofisi, kabati la chuma lisilofungika, na ile rula. Baadaye matokeo yakaanza kutoka mtandaoni, karatasi zikawa zinafuata siku nyingi nyuma yake. Tukaanza kwenda mjini kwenye intaneti kafe, tunapanga foleni walimu wa shule sita, ukurasa unafunguka kwa kusuasua huku tunanakili kwenye kaunta buku. Halafu zikaja simu za kupangusa, matokeo yakawa yanasomwa popote penye mtandao. Kisha majina nayo yakaondolewa, ikabaki namba ya mtahiniwa, jinsi na alama. Kila mabadiliko yalipokuja nilisema kazi sasa imekuwa rahisi. Rula nikaiweka kabatini. Simu haina haja ya rula, nilijiambia.

Sasa niwaambie habari za Zuhura Ntandu.

Zuhura alikuwa binti wa mkulima mmoja wa kijiji cha mbele ya Ilongero. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la tano, akabaki na baba yake, Mzee Ntandu, na mashamba yao ya alizeti na uwele. Hakuwa msichana wa kunyoosha kidole kila saa. Alikaa dirishani, akasikiliza, na mwisho wa kipindi akaja na swali moja ambalo ulitamani ungelijua jana yake ukajiandaa. Asubuhi ya mtihani wa Hisabati alikuja anatetemeka kwa malaria. Nilimpeleka zahanati, akapewa dawa, akarudi akaingia chumba cha mtihani amejifunga khanga mabegani. Alipotoka aliniambia, "Mwalimu, kila mstari nimeuona miwili." Nikamwambia aende akalale, yaliyobaki tumwachie Mungu.

Matokeo yalitoka asubuhi moja ya mvua. Mtandao pale shuleni ulikuwa unapatikana dirishani tu mwa ofisi, kwa hiyo nikasimama dirishani. Simu zikaanza. Wazazi, kaka, majirani, mchungaji mmoja, na mtu aliyekosea namba akaamua naye aulizie matokeo ya mpwa wake wa Iramba. Nikawa nasoma, nakata, napokea. Katikati ya hizo akapiga Mzee Ntandu kwa kitochi chake, simu ndogo ya vibonyezo.

"Habari za asubuhi, Mwalimu. Nasikia yametoka."

"Nzuri, Baba Zuhura. Yametoka. Nitajie namba yake."

"Anasema sifuri sifuri thelathini na sita."

Nikatafuta. Kwenye kile kioo kidogo mistari ilikuwa inakatika, namba inabaki juu, alama zinaangukia chini yake. Nikaiona thelathini na sita, nikafuata alama za chini kwa kidole. F, F, D, F.

"Baba Zuhura, pole. Amepata sifuri."

"Ni ile Hisabati aliyoumwa?"

"Siyo Hisabati peke yake. Ni masomo karibu yote."

"Haya, Mwalimu. Ahsante kwa kutuambia."

Alinishukuru. Hilo neno lilikuja kunisumbua kuliko angenitukana. Nilipokata nilijiuliza, Zuhura huyu, sifuri? Lakini simu ilikuwa inaita tena mkononi, nikapokea.

Siku kumi zilipita. Karatasi zilizochapwa zikafika shuleni, nikakaa kujaza rejesta ya matokeo kwa mkono kama tulivyozoea. Kwa karatasi nilihitaji rula, nikaitoa kabatini, nikaanza kushuka mstari kwa mstari. Rula ilipofika thelathini na sita mkono ulisimama wenyewe. Biolojia A. Kiswahili A. Kemia B. Jiografia B. Historia B. Uraia B. Hisabati C. Divisheni wani, pointi kumi na tatu. Nikashusha rula mstari mmoja, kule kidole kilikoteleza siku ile. Zile F zilikuwa za thelathini na saba, msichana mwingine, ambaye alishajitazamia mwenyewe na alishakuja kuniuliza namna ya kurudia mtihani.

Sikumwita mtu kwanza. Nilikaa tu, mikono juu ya rejesta. Halafu nikamwita mwalimu wa zamu aje anisomee yeye, mara mbili. Akasoma sawasawa na mimi. Akasema, "Hongera zake!" Hakujua nilichokuwa nakijua.

Kabla sijaondoka nilihakiki kwa rula mistari yote niliyoisoma kwa simu. Iliyokosewa ilikuwa mmoja. Nilimpigia Mzee Ntandu, simu imezimwa. Nikachukua bodaboda.

Nilimkuta shambani anapalilia alizeti, imefika magotini. Alinisalimia vizuri, akafuta jembe kwa kiganja. Nilisema bila kuzunguka, kwa sababu njiani nilikuwa nimejaribu namna kumi za kuzunguka na zote zilikuwa za aibu.

"Baba Zuhura, nilikosea. Nilisoma matokeo ya mtoto mwingine. Zuhura amepata divisheni wani."

"Nani?"

"Zuhura."

"Zuhura yupi?"

"Wako."

Akachomeka jembe ardhini. Akaondoka akatembea kati ya mistari mpaka mwisho wa shamba, nikafikiri ameniacha. Kule mwisho nikamsikia anapiga ukelele ambao ng'ombe wa jirani waligeuka kuutazama. Akarudi mbio, na alipofika karibu yangu uso ulikuwa umeshabadilika.

"Mwalimu, mimi nilimwambia mwanangu amefeli. Kwa mdomo wangu."

"Kwa maneno yangu," nikamwambia. "Twende nikamwambie mwenyewe. Yuko wapi?"

"Kilimatinde. Kwa dada yangu. Amekwenda kujifunza kushona."

Simu ya huyo dada haikupatikana siku ile wala asubuhi iliyofuata. Na muda haukuwa mwingi. Kabla ya mtihani watoto hujaza fomu za kuchagua tahasusi, yale masomo matatu watakayosoma kidato cha tano, na matokeo yakitoka wanapewa siku chache za kubadilisha mtandaoni. Zilikuwa zimebaki nne. Zuhura alikuwa amejaza Historia, Kiswahili na Kiingereza. Nani alimshauri? Mimi. Nilimwambia sayansi ni kubahatisha, hiyo ndiyo salama.

Kesho yake asubuhi tuliondoka wawili na basi la Manyoni. Mzee Ntandu alivaa koti na kubeba jogoo wa kumpelekea dada yake, miguu imefungwa kwa kipande cha kitambaa. Kutoka Manyoni tukachukua bodaboda mbili. Barabara ya kupanda Kilimatinde ilikuwa imelowa, pikipiki yangu ikalala kwenye tope mara moja, taratibu, kama mtu anayeketi. Mzee Ntandu alitupita amekaa wima, jogoo kifuani, akanipungia mkono. Ndipo nilipoona kwamba amekwishanisamehe kidogo.

Tulimkuta Zuhura barazani kwa shangazi yake, anakanyaga cherehani. Januari ile walikuwa na kazi nyingi za sare za shule, na mbele yake kulikuwa na rundo la sketi za bluu. Alituona tunaingia pamoja, mwalimu wake na baba yake, wote tope mpaka magotini. Akasimama haraka.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, baba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," baba yake akasema. "Kaa chini."

"Nilikuwa nimekaa, baba."

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Singida. Yalinipotea yote. "Zuhura, siku ile nilisoma mstari wa mwenzako. Wako ni huu." Nikamtolea karatasi na rula, maana rula nilikuja nayo. "Soma mwenyewe."

Aliiweka karatasi juu ya meza ya cherehani. Akatafuta namba yake, akaweka rula, akasoma kimyakimya huku midomo inacheza. Sisi wote tulikuwa tunamtazama, na shangazi yake alikuwa ametoka ndani na mwiko mkononi bila kujua kinachoendelea.

"Hisabati C!" akapiga kelele. "Mwalimu, Hisabati C! Na ile malaria!"

"Soma na mbele," nikamwambia.

"Nimeona, divisheni wani, nimeona. Lakini Hisabati C!"

Shangazi akatupa mwiko, akapiga kigelegele kilichowatoa majirani wa pande zote mbili. Mzee Ntandu akataka kumkumbatia binti yake, akakumbuka ana jogoo, akamweka chini, na kitambaa kilikuwa kimelegea. Jogoo akapita katikati ya sketi za bluu akaelekea kanisa la jirani. Dakika nzima watu wazima watatu tulikimbizana na kuku mbele ya kadamnasi, na Zuhura amekaa kwenye ngazi anacheka mpaka machozi. Kwa miaka yangu yote ya matokeo sikumbuki kicheko kizuri kama kile.

Tulipokwisha kunywa chai Zuhura akaweka kikombe chini. Nilikuwa naungojea wakati huo.

"Siku kumi na mbili, Mwalimu," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nafikiri malaria imeniharibu akili. Nilikuwa najiuliza, mtu anasahauje kila kitu? Usiku... hapana, hata mchana nikishona, najiuliza."

Nikashuka kwenye kiti, nikakaa kwenye mkeka alipokuwa amekaa yeye. "Nisamehe, mwanangu. Sikutazama mara mbili. Siyo simu wala mtandao, ni mimi." Shangazi yake akainamisha uso; watu wa makamo yetu hatujazoea kuona mwalimu akimwomba mwanafunzi msamaha. Lakini nilimsomea baba yake kosa kwa sauti, nikaona na msamaha niuombe kwa sauti.

Zuhura alivuta uzi kwenye sketi yake. "Nimekusamehe, Mwalimu. Je, hao wengine uliowasomea?"

"Nimewahakiki wote. Ni wewe tu."

"Basi sawa," akasema, na akapumua.

Kisha akaingia ndani akarudi na karatasi ya daftari iliyokunjwa. "Nilikuwa nimeshapanga," akasema, akaona haya. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mdogo: kushona mchana, kusoma Kemia na Biolojia asubuhi kabla shangazi hajafungua kazi, kujiandikisha kurudia mtihani. Daftari za Kemia alikwishaziazima kwa binti wa jirani. Mtoto aliyeambiwa amepata sifuri alikuwa ameomboleza siku mbili tatu, kisha akachukua kalamu. Nimewasikia watu wengi wenye shahada wakizungumza juu ya mipango ya baadaye. Mpango ulionitia adabu ni ule wa karatasi moja, pale Kilimatinde.

Tukaja kwenye kubadilisha tahasusi. Kule juu kilimani mtandao ulikuwa mzuri kuliko shuleni kwetu. Nikafungua ukurasa. Mzee Ntandu akasogeza kiti.

"Andika udaktari," akasema. "Kuna nini cha kujadili?"

Na mimi, sitawaficha, kidole kilikuwa kinaelekea kwenye Fizikia, Kemia na Biolojia. Nikakirudisha. "Zuhura, kabla hujaiona karatasi hii, wewe ulitaka nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Kemia, Biolojia na Kilimo."

"Kilimo?" baba yake akasema. "Mimi nimelima miaka thelathini ili wewe usilime!"

"Sitaki kulima, baba. Unakumbuka mwaka ule alizeti yetu ilitoa vichwa vikubwa, ndani vitupu? Bwana shamba akaja, akakivunja kimoja, akatikisa kichwa, akaondoka?"

"Nakumbuka."

"Mimi nilikuwa nasubiri aseme ni kwa nini. Hakusema. Nataka kujua kwa nini."

Mzee Ntandu akanitazama mimi nimsaidie. Nikatazama simu. Shangazi ndiye aliyemaliza mjadala, huku akichambua mchele. "Kaka, wewe unajua kwa nini haikuzaa?"

"Sijui."

"Basi mwache mtoto akajifunze, aje akuambie."

Mzee Ntandu akageuza kofia yake mikononi. Mwisho akasema, "Haya. Bonyeza." Nikampa Zuhura simu abonyeze mwenyewe. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka, ukaandika kwamba mabadiliko yamepokelewa. Kigelegele cha pili kikapigwa, lakini safari hii jogoo alikuwa tayari kwenye sufuria.

Alipangiwa shule ya wasichana mkoa mwingine. Sketi alijishonea mwenyewe, na shangazi akazikagua pindo.

Tangu mwaka ule nilibadili utaratibu, ninyi mmeukuta hivyo mkadhani ulikuwepo siku zote. Siku ya matokeo hatusomeani kwenye simu. Tunawaita waje, tunapika chai, kila mtoto anasoma mstari wake mwenyewe na mwalimu amekaa pembeni yake. Aliye mbali akipiga, muulizeni namba mara mbili, msomeeni somo moja moja, mwambieni ayarudie. Mtachoka, na mtalalamika kuhusu sukari ya chai. Lalamikeni, lakini msiache. Na mkiona alama ambazo hazifanani na mtoto mnayemfahamu, acheni simu nyingine iite.

Na msiwachagulie. Nimeshauri watoto mamia, na ninakiri kwamba niliokuwa na hakika nao sana ndio walionishangaza. Kazi yetu ni kujua milango yote ilipo: kidato cha tano, vyuo vya afya, vya ufundi, vya mifugo, na namna ya kurudia mtihani. Mtoto akishasema anachotaka, mwonyesheni mlango uko wapi, mwongozane naye mpaka karibu. Yule msichana wa namba thelathini na saba alirudia mtihani, akapata alama nne za kutosha, akaingia chuo cha mifugo. Leo anachanja ng'ombe huko Ikungi, na wafugaji wanamwita "daktari" bila kuulizana alipata divisheni gani.

Zuhura alimaliza kidato cha sita, akanitumia picha ya kioo cha simu, kidole chake kimewekwa chini ya mstari wake. Daraja la pili. Sasa yuko chuo kikuu mwaka wa pili, anasomea kilimo. Sikujua kama baba yake alishakubaliana na jambo hilo moyoni, mpaka wiki iliyopita aliponipigia.

"Mwalimu, huyu mtoto wako ni msumbufu."

"Leo amekuwa wangu? Amefanya nini?"

"Mvua za kwanza alikuja na kamba na vijiti, akapima shamba langu lote. Ananiambia miaka yote hii nabananisha alizeti. Ananiambia na mizinga ya nyuki niweke, ati ua bila nyuki ni bure. Mimi! Nimelima kabla hajazaliwa!"

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamjibu kwamba mimi ni baba yake."

"Halafu?"

Nikasikia upepo kwenye simu, na mtu anayejizuia kucheka.

"Halafu nikapanda kama alivyosema. Mizinga minne nimeshatundika. Njoo Jumamosi, Mwalimu, uje uone mtu mzima anavyofundishwa."

Nimeshaongea na bodaboda. Jumamosi, saa mbili asubuhi, naenda.